Asali Iliyoganda

Wafaransa wana neno terroir. Hulitumia kueleza jinsi udongo, mvua, jua, mwinuko wa ardhi na mikono ya watu wa mahali fulani vinavyoingia ndani ya zabibu, kisha vikaonekana tena kwenye ladha ya mvinyo. Sisi wa Singida hatuna neno hilo, ila wazo lake tunaishi nalo. Msafiri anayenunua kuku wa kienyeji pale Singida, akamfunga miguu na kumtia chini ya kiti cha basi, hanunui kuku tu. Kuku wapo kila wilaya ya nchi hii. Ananunua kuku aliyekulia Singida, kwa imani kwamba kuzurura kwake juani na kudonoa mtama na kumbikumbi kumempa nyama yenye ladha ambayo kuku wa banda hana. Na huko Dar es Salaam kila muuzaji ataapa kwamba kuku wake katoka Singida. Wangekuwa wote wanasema kweli, mkoa wetu usingebaki na jogoo hata mmoja wa kutuamsha.

Kwamba mahali pana ladha, mimi nakubali. Kinachonisumbua ni kinachofuata. Tunapoliuza jina la mahali, tumemwahidi nini mnunuzi? Na mahali penyewe tunapadai nini, au panatudai nini?

Majirani zetu wa Dodoma wamelikabili jambo hili kabla yetu. Mzabibu si mmea wa asili wa Ugogo, uliletwa na wamisionari Wakatoliki. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na mkulima ndiye anayeuambia mmea lini uanze upya, kwa kuupogoa. Ndiyo maana huko zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zabibu nyekundu maarufu ya huko inaitwa Makutupora, jina la sehemu iliyo karibu na mji wa Dodoma. Mgeni amekaa mpaka akachukua jina la mwenyeji, na sioni anayelalamika kwamba mvinyo wa Dodoma si wa Dodoma.

Wako wanaosema haya yote ni maneno ya wauzaji. Wana hoja. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Bordeaux: wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliiambia pua cha kunusa. Lakini David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha, anasimulia kisa cha upande wa pili, alichokitoa kwenye riwaya ya Don Quixote. Watu wawili wanaonja mvinyo wa pipa moja. Mmoja anasema ni mzuri ila una kaladha ka ngozi, mwingine anasema una ka chuma. Wanachekwa. Pipa lilipoisha, chini kabisa ukakutwa ufunguo wa chuma uliofungwa kamba ya ngozi.

Kwa hiyo ulimi unaweza kudanganywa, na unaweza pia kusema kweli ambayo waliopo hawataki kuisikia. Hilo la pili ndilo lililotokea kwenye familia yetu, na kwetu ilikuwa asali.

Baba mdogo ana mizinga upande wa Itigi. Asiyepafahamu ajue kwamba vichaka vya Itigi si pori la kawaida. Miti yake ni mifupi, mingi haizidi mita tano, lakini imesongamana kiasi kwamba mtu mzima hupita kwa kuinama na kuomba radhi. Wataalamu wa mimea wanavihesabu kama uoto wa pekee, ambao nje ya hapa unapatikana kaskazini mwa Zambia, jirani na ziwa Mweru Wantipa. Kiangazi vichaka hupukutisha majani vikaonekana vimekufa. Mvua zikikaribia vinaamka, na nyuki wanajua kabla ya binadamu. Wilaya ya Manyoni ina hata hifadhi ya nyuki, ya Aghondi. Asali ya huko ni ya rangi ya kahawia, na akiirina mzee wa zamani ina moshi kidogo. Huo moshi ndio ufunguo wetu ndani ya pipa. Wengine wanauona kasoro. Mimi nikiunusa najua mrinaji alifika mzingani usiku akiwa na mwenge, kama alivyofundishwa na baba yake.

Dada yangu anaiuza asali hiyo Dar es Salaam, kwenye chupa zenye lebo iliyoandikwa "Asali ya Porini, Singida". Mwaka juzi mteja wake mmoja alimtumia picha ya chupa kwa WhatsApp. Asali ilikuwa imeganda, ya njano, yenye chengachenga. Chini ya picha aliandika: "Dada, hii ni sukari."

Haikuwa sukari. Ilikuwa alizeti. Singida ni moja ya mikoa inayoongoza kwa zao hilo, na mwezi wa tatu na wa nne ukipita barabarani mashamba yamekuwa njano hadi macho yanauma. Nyuki huruka kilomita kadhaa kutafuta chakula. Asali ya maua ya alizeti ina sukari aina ya glukosi kwa wingi ukilinganisha na fruktosi, na kwa sababu hiyo huganda upesi, mara nyingine ndani ya wiki chache. Kuganda kwake si dalili ya wizi. Asali ilikuwa inataja shamba ilikotoka, na ikaitwa mwongo kwa sababu hiyo hiyo.

Vipimo vya mitaani havisaidii. Njiti ya kiberiti iliyochovywa, tone kwenye glasi ya maji, sisimizi kukimbia au kutokimbia: hivi vinapima zaidi unyevu na uzito, na sharubati nzito iliyopikwa vizuri inavipita vyote. Mdanganyifu anajua mteja anataka kuona nini, kwa hiyo asali yake haigandi kamwe.

Dada alimpigia simu baba mdogo, akaweka sauti juu ili na mimi nisikie.

"Baba, shikamoo. Sasa hiyo mizinga si uihamishe, iende ndani zaidi vichakani?"

"Marahaba mwanangu. Ndani wapi? Huko ndani uliko wewe unakumbuka, siku hizi kuna mashamba."

"Basi uipashe moto kabla hujaituma. Ikichemka haigandi haraka."

"Huyo mteja wako," baba mdogo akasema, "anataka asali, au anataka picha ya asali?"

Dada hakucheka. Ana ada za watoto wawili. Aliniambia baadaye kwamba maadili ni rahisi kwa mtu asiyerudishiwa chupa, na sikuwa na jibu la kumnyamazisha. Hapo ndipo swali lilipoacha kuwa la vitabuni. Je, kupasha asali moto ni uongo? Hakuna kilichoongezwa. Ukiiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu inarudi kuwa maji maji bila madhara makubwa, na kila mama nyumbani anafanya hivyo. Lakini ukiichemsha, harufu yake inaondoka, vimeng'enya vyake vinaharibika, na kemikali ambayo wataalamu huiita kwa kifupi HMF inaongezeka. Kiwango cha kimataifa cha asali, kile cha Codex, kinaruhusu miligramu 40 za kemikali hiyo kwa kila kilo. Ila kwa asali iliyotangazwa kuwa ya nchi za joto kinaruhusu 80, kwa sababu jua la kwetu peke yake linatosha kuipandisha. Nilipoisoma kanuni hiyo nilifurahi kuliko inavyostahili kanuni yoyote. Hata mezani kwa wanasheria wa chakula mahali pamepewa nafasi ya kujieleza, kwa sharti moja: ulitaje. Usipolitaja, hupewi.

Mimi naona hapo pana mwanzo wa jibu. Asali iliyochemshwa ili isionekane imetoka alizeti, kisha ikabandikwa "porini", ni uongo, hata kama kila tone lake limetengenezwa na nyuki. Uongo huo hauko kwenye tone. Uko kwenye kumnyima mahali neno lake, kama mtu anayemleta shahidi mahakamani na kumtafsiria vibaya kwa makusudi.

Najua kinachoweza kusemwa dhidi yangu. Kama mzabibu wa kigeni umeweza kuwa wa Dodoma, kwa nini asali ya alizeti isiwe ya Singida halisi? Alizeti nayo ni mgeni, asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na leo mafuta yake ndiyo yanayokaanga samaki wetu. Nakubali kabisa. Asali ya njano iliyoganda ni Singida kuliko ile ya kahawia, ikiwa Singida maana yake ni mkoa ulivyo sasa na watu wake wanavyoishi. Anayetaka Singida ya vichaka peke yake anaitaka bila jirani wa baba mdogo, ambaye alizeti ndiyo iliyomwezeka bati. Siko tayari kumfuta jirani huyo kwa ajili ya lebo nzuri.

Lakini kuna tofauti moja siwezi kuiruka. Mzabibu uliingia Dodoma na ardhi ikaubadilisha. Shamba jipya linapoingia Itigi, ardhi ndiyo inayobadilishwa, na kichaka kilichong'olewa hakirudi kwa msimu mmoja. Kwenye barabara ya Manyoni unaweza kuona chupa za asali na magunia ya mkaa yamepangwa hatua chache kati yao. Yote mawili ni vichaka na mapori yale yale. Tusijidanganye kwamba asali haina hatia: mzinga wa gome huuacha mti ukifa umesimama, na wazee wameichonga sana. Hata hivyo mwenye mizinga ana sababu ya kutaka mti uwepo mwakani, na mwenye gunia hana. Mnunuzi anayesimamisha gari, akapakia chupa na gunia kwa safari moja, analipa mtu abakize ladha na analipa mwingine aiondoe.

Dada sasa anatenganisha ndoo. Mavuno ya vichakani, kabla alizeti haijachanua, yana lebo yake, na ya baada ya hapo yameandikwa "Alizeti, Singida. Huganda." Neno hilo la mwisho tulibishana juu yake jioni nzima. Ya alizeti anaiuza bei ya chini kidogo, na wateja wake wa chapati wanaipenda kwa kuwa inapakaa kama siagi. Aliyetuma ile picha hajarudi.

Msimu huu baba mdogo alituma ndoo tatu. Mbili alijua zinatoka wapi. Ya tatu ilirinwa kwenye mizinga ya mpakani, kichaka upande wa mashariki na alizeti ya jirani upande wa magharibi, na hakuna anayeweza kusema nyuki walikwenda wapi zaidi. Dada akampigia kuuliza aiandike nini.

"Andika jina langu," akasema.

Lebo bado hajaibandika. Ndoo iko jikoni kwake, nusu imeshaganda.