Mganga Hajigangi: Je, Tumwamini?

Waswahili husema mganga hajigangi. Nilipojifunza methali hii shuleni niliiona kama utetezi: usimcheke mganga kwa kuwa naye anaugua. Injili ya Luka nayo inataja methali inayovuta upande wa pili, ya tabibu anayeambiwa aanze kwa kujiponya mwenyewe. Kwa muda mrefu sikuona haja ya kuchagua kati ya hizo mbili. Baba yangu ndiye aliyenilazimisha.

Baba ana presha. Kwetu Koboko, karibu na soko, kuna tabibu aliyempima, akampa vidonge na kumwambia aache pombe na apunguze chumvi. Shida ni kwamba tabibu huyo ni mnywaji. Jioni kila mtu humwona na chupa yake ya waragi, na baba, ambaye mara nyingi alikuwa meza ya jirani, alikuwa akicheka na kusema, "Daktari akiacha, nami nitaacha."

Kisha akamsikia redioni mshauri mmoja wa afya anayeishi Arua. Huyu hanywi, havuti, hufunga siku mbili kwa wiki, na kila alfajiri hukimbia hadi Kilima cha Arua. Ana zaidi ya miaka sitini na hutembea kama kijana. Baba alipanda gari kwenda kumwona, akarudi na mkebe wa unga wa majani na maneno kwamba vidonge vinachosha figo. Akaacha vidonge. Wiki ya saba akapata kiharusi. Mimi nasoma Arua, kwa hiyo ndiye niliyempokea hospitalini. Hakuweza kutamka jina langu.

Miezi mitatu baadaye nilimuuliza kwa nini alimwamini mtu yule. Alijibu polepole, "Anaishi anavyosema."

Jibu hilo si la kijinga, na nawaomba wenzangu wasilicheke. Aristotle alifundisha kwamba tabia ya msemaji ni miongoni mwa nguvu kubwa kabisa za kushawishi, na mgonjwa wa kawaida hana nguvu nyingine ya kupima. Hana maabara. Unga hawezi kuuchunguza, lakini mtu anaweza kumchunguza: anaamka saa ngapi, anakula nini, anawasemesha vipi wadogo zake. Ila tuulize maisha hayo yanashuhudia nini hasa. Yanashuhudia kwamba mtu anaamini anachosema. Kama anachosema ni kweli, hilo ni shauri lingine kabisa.

Mfano mkubwa ni wa Loliondo, Tanzania. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwemo viongozi, walipanga foleni ya magari kwenda kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyesema dawa hiyo ameoteshwa na Mungu na kwamba inatibu hata kisukari na UKIMWI. Bei ilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Kwa wengi, bei hiyo na nyumba yake ya kimaskini zilitosha kuwa hoja: angekuwa tapeli, angetajirika. Mimi naamini hakuwa tapeli. Lakini wapo waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za hospitali wakidhani wamepona. Unyofu wake haukuongeza chochote ndani ya kikombe.

Tena kipimo hiki cha maisha tunakitumia tunapotaka tu. Hapa kwetu West Nile, Rembe, Mkakwa kama sisi, aliwagawia Walugbara maji ya Yakan, yaliyosemekana kukinga maradhi na risasi. Mwaka 1917 watawala wa upande wa Sudan walimkamata na kumuua. Ungetarajia maji yamwagwe siku hiyohiyo. Hayakumwagwa. Yaliendelea kunywewa, na mwaka 1919 watu walipigana na serikali wakiyategemea. Nadhani waliyahitaji mno kuweza kuyahoji.

Je, basi tabibu wa Koboko hana kosa? Hapo nilitaka kuandika ndiyo, kwa kuwa alisema kweli, na chumvi haibadiliki kwa sababu ya kinywa kinachoitaja. Lakini nikikumbuka kicheko cha baba, siwezi. Ulevi wake haukuufanya ushauri kuwa uongo, ila uliupunguzia uzito wa kufuatwa, naye alijua anatazamwa. Anayetoa ushauri mbele za watu hudaiwa kitu ambacho mwandishi wa kitabu cha tiba hadaiwi. Kwa hiyo, msikilizaji hana haki ya kukataa ukweli kwa sababu ya msemaji, lakini msemaji naye hana haki ya kujificha nyuma ya hoja hiyo.

Kuna sehemu moja tu ya maisha ya mshauri ambayo sasa ningeitafuta kabla ya kumwamini: anafanya nini akikosea. Nilikwenda kwa yule wa Arua. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza kwa heshima, macho yakamlenga machozi. Kisha akasema baba hakufunga ipasavyo. Mkebe wa unga ulikuwa mezani pake. Naye hunywa, na mama yake mzazi hunywa. Kwa tabibu nilikwenda pia, nikiwa na hasira. Aliniambia, "Mwanangu, pombe imenishinda. Mlete baba yako, tuanze upya."

Siku hizi baba hupimwa kwake kila Jumatano. Mkono wa kulia bado mzito, hivyo hutoa wa kushoto. Wiki iliyopita alimuuliza, "Daktari, bado unakunywa?"

"Bado, mzee."

"Mimi nimeacha," baba akasema, akakunja mkono wa shati kusubiri kipimo.