F haisemi ulikosea wapi

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kijana mwenye F ya Hisabati hakosi washauri. Mjomba, jirani, mwalimu wake wa zamani, wote wana neno moja: karisiti. Wanalisema upesi upesi, utadhani wanamwambia arudi dukani akachukue chenji aliyoisahau. Wiki hii neno hilo limenikaa kooni. Kurisiti kwetu kumekuwa na maana ya kujiandikisha upya kama mtahiniwa wa kujitegemea, kulipa ada, kununua rundo la mitihani iliyopita na kuyakariri majibu mpaka siku ya mtihani. Mwaka 2023 waliofaulu somo hilo walikuwa kama robo tu ya watahiniwa, na kufaulu kwenyewe kunaanzia alama 30 kati ya 100. Umati wote uliobaki tunaupa ushauri wa neno moja, halafu mwaka unaofuata tunashangaa.

Ukitaka kuona ushauri huo ukigeuzwa kuwa sera, tazama Uingereza, na hapa nasema England yenyewe, maana Scotland ina mitihani yake. Kule mtoto hufanya mitihani ya GCSE akiwa na miaka 16. Madaraja yanashuka kutoka 9 hadi 1, na 4 ndilo linalohesabiwa kuwa amefaulu. Aliyeambulia 3, hata akienda chuo kusomea uashi, upishi au kazi ya saluni, hisabati inamfuata hukohuko. Tangu 2014, kuendelea na somo hilo ni sharti la fedha ambazo chuo hupewa na serikali kwa ajili yake. Tangu 2015, mwenye 3 anayesoma muda wote hana hiari ya cheti kingine. Ni GCSE ileile, karatasi tatu za saa moja na nusu kila moja, moja kati yake bila kikokotoo. Asipofaulu Novemba, atajaribu tena kiangazi. Ada halipi, mwalimu yupo, darasa lipo. Pamoja na hayo yote, mwaka 2025 katika kila watahiniwa 100 wa England wenye miaka 17 na kuendelea, waliofikia daraja la 4 walikuwa 17 hivi. Hapo hatuwezi kusingizia uhaba wa madawati.

Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni mtu wa kuuliza kosa lilianzia wapi. Chukua kosa moja ambalo kila mwalimu wa hesabu amelisahihisha: nusu jumlisha theluthi. Mwanafunzi anajumlisha vya juu, anajumlisha vya chini, anapata mbili ya tano. Anawekewa mkasi, anaandikiwa jibu sahihi, tano ya sita, na somo linasonga. Lakini hebu litazame jibu lake. Mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Alikuwa na nusu chapati, akaongezewa theluthi ya chapati, akabaki na pungufu ya nusu. Mezani asingekubali kudhulumiwa hivyo hata angekuwa na miaka sita. Kwenye karatasi anakubali, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zile namba za kwenye karatasi ndiyo chapati ileile. Mpe mitihani kumi ya miaka iliyopita, ataandika mbili ya tano mara kumi. Huyohuyo, akiwa saluni, akiambiwa achanganye rangi ya nywele na peroksaidi kwa uwiano wa moja kwa moja na nusu, anapima mililita 60 za rangi na 90 za peroksaidi bila kuhema. Uwiano anao. Hajui tu kwamba anao, na F yake haiwezi kumwambia.

Najua nitajibiwa nini, na jibu lenyewe si la kupuuzwa. Mwaka 2011 Profesa Alison Wolf aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti kuhusu elimu ya ufundi, na alichokikuta kilitia aibu. Chini ya nusu ya vijana walikuwa wamefaulu Kiingereza na Hisabati walipomaliza hatua ya miaka 16, na waliofanikiwa kuvipata vyote viwili kati ya miaka 16 na 18 walikuwa asilimia 4 tu. Vyuo vilikuwa vinawapa vijana vyeti vyepesi ambavyo waajiri hawakuvithamini, na waliopewa zaidi walikuwa watoto wa wanyonge. Kwa hiyo, mpinzani wangu atasema, ukimwondolea kijana wa saluni mtihani wa kweli unamfungia mlango kwa mkono wa huruma. Hapo nakubali kabisa. Hesabu ya daraja la pili kwa ajili ya maskini ni dhuluma, hata ikifungwa kwenye karatasi ya zawadi.

Ila mpinzani huyo anachanganya mambo mawili: mlango na njia ya kuufikia. Mtihani ubaki uleule, alama zibaki zilezile. Ninachokataa ni kumrudisha mtu aliyejikwaa katika hesabu za sehemu aanze silabasi nzima, kwa kasi ileile, ndani ya miezi michache, eti kwa kuwa mtihani ni mmoja basi na mafunzo yawe mamoja. Inaelekea na wenzetu wameanza kuliona hilo, kwani Oktoba 2025 serikali yao ilitangaza mpango wa cheti cha kuvukia kwa wale walio mbali na daraja la 4, wapate pa kukanyaga kabla ya kurudia GCSE. Kikigeuka kuwa cheti chepesi kingine, Wolf atakuwa amesema kweli mara mbili.

Wapo wanaosema kijana mvivu ni mvivu tu, umtafutie ngazi au usimtafutie. Sawa, wavivu wapo. Ila mtu aliyeshindwa mtihani akiwa na miaka 16, akajiandikisha tena akiwa na 19, akaenda darasani jioni akitoka kazini huku akijua kuna watakaomcheka, huyo uvivu wake uko wapi? Kituo kinachopokea ada ya mtu kama huyu kina deni kwake kabla hata hakijafungua kitabu cha kidato cha kwanza. Wiki ya kwanza wasimgawie mitihani iliyopita. Wampe kipande cha karatasi na kalamu, wamwandikie nusu jumlisha theluthi, na akiandika mbili ya tano wasiwe na haraka ya kuweka mkasi. Wamwulize amefikaje hapo, wakae wamsikilize.