Maafa, Dhambi na Nafsi ya Msemaji: Suala la Adhabu ya Mungu katika Fasihi na Jamii ya Mlima Kenya

Utangulizi

Mji wa Kenol, katika kaunti ya Murang'a, umesimama mahali ambapo barabara itokayo Thika hugawanyika: mkono mmoja huelekea mji wa Murang'a, na mwingine Sagana, Karatina na Nyeri. Jina la mji huu halikutokana na mto wala mbari, bali na kituo cha mafuta cha kampuni iliyoitwa Kenya Oil. Magharibi yake ardhi hupanda kuelekea safu ya Nyandarua, ambako miteremko ya Kangema, Mathioya na Kigumo huporomoka katika misimu ya mvua kubwa na kufukia nyumba na majani chai. Mashariki yake ardhi hushuka hadi Makuyu na Kambiti, ambako mahindi hunyauka mara kwa mara kabla ya kuchanua. Hivyo, katika kaunti moja, watu wanaosali kwa lugha moja huomba mvua upande mmoja na kuomba mvua ikome upande wa pili.

Hali hiyo inazua swali la kale ambalo halijazeeka: je, maafa ya asili ni adhabu ya Mungu kwa dhambi za wanadamu? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuzingatia fasihi, kwa sababu anayedai kwamba maporomoko ni adhabu anayachukulia maafa kama matini: anayapa mwandishi, maana na msomaji aliyekusudiwa. Hapana budi, basi, usomaji huo uhakikiwe kama usomaji mwingine wowote.

Haki ya ngano

Katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert, mna mji ambao wakazi wake waligeuzwa mawe kwa ajili ya ukaidi wao dhidi ya Mungu. Aliyesalimika ni binti mfalme, Mwelekevu, ambaye moyo wake ulikuwa umeielekea kweli. Kisa hiki kinaridhisha kwa sababu mgawo wake ni wa haki kamili. Waliokosa wamepatilizwa na asiyekosa ameachwa. Msomaji hahitaji kuelezwa kuwa hii ni adhabu, kwani umbo la ngano lenyewe limekwisha kumwambia.

Maafa ya kweli hayana umbo hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezibwa na takataka katika njia ipitayo chini ya reli yalifumka na kushukia Mai Mahiu, yakaua makumi ya watu usingizini. Maji hayo hayakumtafuta Mwelekevu ili yampishe. Yalifuata bonde, na aliyekuwa bondeni akachukuliwa, awe mlevi, mcha Mungu au mtoto mchanga. Mtetezi wa nadharia ya adhabu hujibu kwa methali kwamba samaki mmoja akioza wote huoza. Lakini methali hiyo inaeleza namna uovu unavyoambukiza. Haitoi ruhusa kwa hakimu kumhukumu asiyehusika. Hakimu wa kibinadamu atakayemfunga mtoto kwa wizi wa jirani ataitwa dhalimu, na ni vigumu kuona jinsi kitendo hicho kinavyogeuka kuwa haki kikinasibishwa na Mwenyezi Mungu.

Jambo hili halikuwapita washairi wa kale wa Kiswahili. Utendi wa Ayubu unasimulia habari za mtu mwema aliyeondolewa mali, watoto na afya bila kosa lolote. Utanzu uleule uliotumika kuonya na kuadilisha ndio uliomhifadhi mja huyu ambaye mateso yake si malipo. Katika mapokeo ya Kiislamu mateso ya Ayubu ni mtihani, na katika yale ya Biblia marafiki waliomtaka akiri dhambi asiyoitenda ndio waliokemewa. Ndani ya dini zenyewe, basi, mna hoja nzito dhidi ya wepesi wa kuhukumu.

Kifo kimoja, tafsiri mbili

Ngugi wa Thiong'o alilionyesha tatizo la tafsiri kwa ukali zaidi katika The River Between (1965). Muthoni, binti ya mhubiri Joshua, anatahiriwa kinyume cha amri ya babake na anafariki kwa jeraha hilo. Joshua anakiona kifo hicho kuwa onyo kwa waasi dhidi ya wazazi na sheria ya Mungu. Chege, mlinzi wa mila, anakiona kuwa adhabu kwa Joshua mwenyewe aliyeacha njia za mababu. Maiti ni moja, na wote wawili wamesoma humo kile walichokuwa wakikiamini kabla ya msiba. Ushahidi unaowathibitisha mahasimu wawili kwa kiasi kilekile hauwezi kuwa ushahidi kwa yeyote kati yao.

Historia ya eneo hili ina mfano mkubwa kuliko huo. Njaa kuu ya miaka ya mwisho ya karne ya 19, iliyoandamana na ndui, iliua Wakikuyu wengi mno, hasa kusini mwa nchi yao, na wengine wakakimbilia kwa jamaa zao Murang'a na Nyeri. Wapo walioihusisha na kuja kwa wageni. Upande wa pili, wageni hao walipoikuta ardhi ya Kiambu ikiwa na watu wachache, waliichukulia kuwa tupu, na kuanzia miaka ya 1900 wakagawiwa walowezi. Waliofiwa walipoteza jamaa, kisha mashamba. Mfano huu unafunza kwamba tafsiri ya maafa ina walengwa na wanufaika, na kwamba wakati ukiwa wa kutafuta dhambi ya mhanga, kuna anayepima mipaka ya shamba lake.

Nafsi ya kwanza na nafsi ya tatu

Hata hivyo, haitakuwa haki kuzibeza sala zote zinazotamkwa wakati wa maafa. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya (1938), anaeleza jinsi wazee wa Kikuyu walivyotoa kafara ya kuomba mvua chini ya mugumo, nyuso zikiuelekea Mlima Kirinyaga, wakiandamana na watoto wadogo kwa sababu ya usafi wao. Katika ibada hiyo jamii nzima inajitokeza mbele ya Ngai ikiwa mwombaji. Hali kadhalika, tarehe 14 Februari 2023, Rais William Ruto aliongoza maombi ya kitaifa mjini Nakuru baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana katika sehemu kubwa ya nchi kame.

Tofauti ya kimaadili inadhihirika katika sarufi. Neno "tumekosa" linasemwa na nafsi ya kwanza, aghalabu na aliye ndani ya janga. Linamnyenyekeza msemaji na linaweza kumwongoza kutengeneza alichoharibu. Neno "wamekosa" linasemwa na nafsi ya tatu, aghalabu na aliye salama, juu ya watu ambao hawana tena kinywa cha kujitetea. Lile la kwanza ni toba, na hili la pili ni shutuma iliyovaa kanzu. Hata "tumekosa" lina hatari yake: mama aliyefukua mwanawe katika tope akiamini kwamba dhambi yake ndiyo iliyomuua amebebeshwa jiwe juu ya jiwe. Toba inafaa pale tu kosa linapoweza kutajwa na kuonyeshwa.

Kutoka kwa punda hadi bungeni

Hapa ndipo Petals of Blood (1977) inapotoa mchango wake. Ukame unapoikumba Ilmorog, wazee wanaelekeza lawama kwa punda wa Abdulla, kiumbe asiyejua kujitetea. Karega anapendekeza njia nyingine: wanakijiji waende mjini wakamwone mbunge wao. Ngugi haulizi kama Mungu yupo au hayupo mawinguni. Anauliza ni nani aliyekabidhiwa dhamana ya barabara, maji na chakula, na kwa nini hajaitimiza.

Mtetezi anaweza kusema kwamba uzembe na ulafi nao ni dhambi, na kwamba mafuriko ni matunda yake. Hoja hii ina uzito. Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, ameeleza katika Unbowed (2006) jinsi mugumo uliokatazwa kukatwa ulivyoshikilia udongo wa miteremko na kutunza chemchemi; ulipokatwa, kijito kikakauka. Mwiko wa wazee ulikuwa na elimu ndani yake. Lakini anayekata mti kileleni siye anayezikwa bondeni. Bwawa la Solai lilipopasuka Mei 2018, waliokufa hawakuwa wajenzi wake. Matokeo ya kosa yanapomwangukia asiyelitenda, jina lake katika Kiswahili ni dhuluma, na dhuluma hudai fidia, mashtaka na marekebisho. Kuiita adhabu ni kuifunga faili kabla haijasomwa.

Hitimisho

Makala haya hayakukusudia kuamua kama Mungu huadhibu. Yamejaribu kuonyesha kwamba maporomoko na ukame havisomeki kama hati ya hukumu, na kwamba anayevisoma hivyo huleta hukumu yake mwenyewe na kuitia muhuri wa Mungu. "Kazi ya Mungu haina makosa," husemwa makaburini kote nchini, na waliofiwa wana haki ya kupata faraja humo. Kauli hiyo ikitamkwa na aliyeachia njia ya maji izibe, au aliyetoa kibali cha kujenga mteremkoni, imebadilika maana na imekuwa kinga ya mtendaji. Kazi ya mhakiki, na vilevile ya mhubiri mwadilifu, ni kuuliza kila mara kauli hiyo inatoka katika kinywa cha nani.