Msema kweli, mpenzi wa nani?

"Msema kweli mpenzi wa Mungu." Ukiisikia methali hii kikaoni, jua kuna mtu anakaribia kuchomwa.

Chukulia kigango kimoja cha Mapera, wilayani Mbinga, msimu wa kahawa umekwisha. Michango ya mabati ya kanisa imepelea, na mweka hazina wa jumuiya amekaa pale pale kwenye benchi. Mmoja anasimama, anatanguliza methali, kisha anamuumbua mwenzake mbele ya mkewe na wanawe. Alilolisema ni kweli tupu. Huyo mpenzi wa Mungu, hata hivyo, bado hajaonekana.

Methali ina pande mbili, nasi hukimbilia ule wa kwanza. Anayejiita mpenzi wa Mungu hana budi kufuata mwendo wa Mungu, na Luka sura ya 19 inauonyesha kwa mtu wa fedha hasa: Zakayo, mkuu wa watoza ushuru. Mji mzima ulimjua. Yesu alijikaribisha kwake bila kumsomea mashtaka, watu wakanung'unika. Ni Zakayo mwenyewe aliyetaja deni: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa kurudishiwa mara nne. Ungemkemea barabarani, huenda angeteremka mtini na kwenda zake.

Wamatengo wa Mbinga wanalielewa hili kwa jembe. Kwenye miteremko yao mikali hukata nyasi, huzilaza kwa miraba, kisha huchimba udongo wa katikati na kuzifunika. Hiyo ndiyo ngolo: mazao juu ya matuta, maji shimoni. Mvua hiyo hiyo, pasipo mashimo, hubeba shamba zima hadi bondeni. Kweli nayo hutaka pa kutuama.

Wapo pia wa upande wa pili, wale wa "yaishe, tumwachie Mungu". Mimi huo nauita woga uliovaa kanzu. Mabati hayanunuliwi kwa msamaha, na mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mkoa wa Ruvuma, ilipo Mbinga, una kumbukumbu chungu ya msamaha usiogusa deni. Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga makumi ya wapiganaji Wangoni wa vita vya Maji Maji mjini Songea. Kabla ya kamba, wengi wao walibatizwa na wamisionari Wabenediktini, ambao misheni yao ya Peramiho ilikuwa imechomwa moto na Wangoni miezi michache tu nyuma. Kuwabatiza waliokuchomea nyumba si jambo dogo. Lakini kodi na kazi za shuruti zilizochochea vita hivyo ziliendelea.

Basi mwenye shaka na hesabu za kigango aende kwanza kwa mweka hazina jioni, na daftari la michango mkononi, wapige hesabu wawili. Fedha zisiporudi, Mathayo 18 inamruhusu kurudi na shahidi mmoja au wawili, kisha kulifikisha kanisani. Huko ndiko aitamke methali yake kwa sauti.