Ushahidi wa Mnywaji

Mti ambao Watanzania huuita mirungi na Wakenya miraa aghalabu hutafunwa majani yake yangali mabichi. Walakini tangu zamani, katika nchi za Uhabeshi na Yemen, majani hayo hukaushwa pia, yakatiwa maji ya moto na kunywewa kama chai. Anywaye husema kwamba usingizi umemwondoka, ulimi umekuwa mwepesi, na moyo uliokuwa mzito umekunjuka. Je, neno hilo la mtu juu ya moyo wake mwenyewe lina uzito gani?

Homa hupimwa na mapigo ya moyo huhesabiwa. Ama furaha, mwenye habari zake ni yule aionjaye peke yake. Naye ndiye ambaye akili yake imekwisha guswa na kitu kile kile anachoulizwa. Asiyekunywa hajui, na aliyekunywa hasadikiki.

Shida hii ilijitokeza Makka mwaka 1511, wakati Khair Beg, afisa wa serikali ya Wamamluki, alipokusanya wanavyuoni na matabibu ili waamue kama kahawa ni kileo. Inasimuliwa kuwa mtu mmoja barazani alisimama akashuhudia kwamba kahawa hulevya kama mvinyo. Watu wakacheka, maana angeyajuaje ya mvinyo asiyeunywa? Alipoulizwa alikiri, akapigwa kwa kosa hilo. Ujuzi wake ndio uliofanya ushahidi wake ufae, na ujuzi huo huo ndio uliomtia hatiani. Kahawa ilikatazwa, lakini katazo lenyewe halikudumu.

Katika karne hiyo hiyo Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, aliandika risala juu ya mirungi. Aliwauliza walaji akapata majibu yanayopingana: huyu alisema majani yanamdhuru, yule akasema yanamfaa. Kwa hiyo hakuthubutu kuyaharamisha moja kwa moja, bali alinasihi watu wajiepushe nayo. Hiyo ni insafu isiyopatikana kwa kila hakimu.

Elimu ya leo yaweza kueleza sehemu ya mgongano huo. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa iliitambua katika majani mabichi dawa iitwayo kathinoni, iliyo ndugu wa amfetamini. Jani linapokauka, sehemu kubwa ya kathinoni hugeuka kuwa vitu vingine vilivyo dhaifu zaidi. Basi mtafunaji wa majani ya leo asubuhi aweza kuapa kwamba yanawasha kichwa, na mnywaji wa majani makavu akaapa kwamba ni chai tu, na wote wawili wasiwe waongo.

Hata hivyo, yako mambo ambayo mnywaji hawezi kuyashuhudia hata akiwa mkweli kiasi gani. Ulaya hunywewa chai ya ua la manjano lenye jina la Mtakatifu Yohana, ili kuondoa huzuni. Mimea hiyo huliamsha ini liziondoe mwilini upesi dawa nyingine, hata vidonge vya kuzuia mimba na baadhi ya dawa za UKIMWI vikapungukiwa nguvu. Mwenye kuinywa asema moyo wake umetulia, na yamkini ni kweli; lakini ini halina ulimi. Wauzaji wasemao "ni majani tu" wangetafakari hapo, maana tumbaku nayo ni majani.

Kuhusu mirungi, kosa la mabaraza mengi limekuwa kumhoji mnywaji saa ya furaha. Saa hiyo shinikizo la damu limepanda na njaa imepotea, naye hasikii ila wepesi. Aulizwe kesho yake, baada ya usiku usio na usingizi, moyo unapokuwa umeshuka chini ya pale ulipokuwa kwanza. Nao wanaokaa naye nyumba moja waulizwe pia, maana sehemu ya gharama ya furaha ile huilipa wao.

Sheria hazikubaliani. Upande wa Kenya miraa ni zao la biashara. Upande wa Tanzania kupatikana nayo ni kosa. Uingereza baraza la washauri wa serikali lilieleza mwaka 2013 kuwa ushahidi wa madhara hautoshi kuipiga marufuku, na serikali ikaipiga marufuku mwaka 2014. Miongoni mwa Wasomali wa huko walikuwapo walioomba marufuku hiyo wao wenyewe, wakitaja waume wasiokwenda kazini na nyumba zilizovunjika. Baraza lilitaka kwanza ithibitike kuwa sababu ni majani yale, wala si ukosefu wa kazi na machungu ya ugeni, na hilo halikuthibitika. Nyumba zilizovunjika zilikuwapo pande zote mbili za hoja, na kila upande ulizisoma kwa namna yake.