Wembe wa Dukani

Mwaka wa 1956 wazee wa Njuri Ncheke, baraza kuu la Wameru, walipiga marufuku tohara ya wasichana. Kauli ilikuwa moja, na maafisa wa kikoloni waliiunga mkono. Kwenye karatasi, mambo yalikuwa yamekwisha.

Lakini wasichana wakaenda madukani, wakanunua nyembe, wakaingia vichakani na kutahiriana wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka 3 iliyofuata, zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja amri ile: wasichana, mama zao, baba zao. Miaka mingi baadaye mwanahistoria Lynn Thomas alikaa na baadhi ya wanawake hao, wakiwa sasa watu wazima, wakamsimulia yaliyowapata.

Mimi swali langu ni dogo tu. Ni nini kinamfanya binti ajikate mwenyewe, siku ambayo wazee wote wamemwambia hana haja ya kukatwa?

Wapo wanaosema ni siasa. Ilikuwa enzi ya Hali ya Hatari, vita vya Mau Mau vilikuwa vimezikumba familia nyingi, na kukaidi amri ya mkoloni kulikuwa na utamu wake. Sawa, nakubali. Lakini mtu hajikati kwa ajili ya siasa peke yake. Chini ya siasa kulikuwa na sentensi moja ambayo hakuna aliyehitaji kuitamka kwa sababu kila mtu aliijua: bila hili, wewe bado ni mtoto. Kimeru kina neno la msichana ambaye hajatahiriwa, nkenye, na mimba ya nkenye ilihesabiwa kuwa balaa. Kwa hiyo wembe ulimtisha, ndiyo, lakini kubaki nkenye maisha yake yote kulimtisha zaidi.

Epictetus, mwanafalsafa aliyewahi kuwa mtumwa huko Roma, alifundisha kwamba kinachotusumbua si mambo yenyewe bali maoni yetu kuhusu mambo hayo. Siku hizi fundisho hilo limejaa mitandaoni kwa lugha nyepesi: badilisha fikra zako, utabadilisha maisha yako. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mwili wa nkenye haukuwa na tatizo lolote. Aibu aliyoibeba haikutoka mwilini, ilitoka kwenye maoni.

Lakini maoni ya nani? Hapo ndipo ushauri wa mitandaoni unapoishiwa. Tuseme binti mmoja wa mwaka 1956 alikaa usiku akaipima imani ile, akaiona haina msingi. Asubuhi bado angekutana na wenzake mtoni. Bado wangemcheka, na bado nyanya yake angemwita mtoto. Imani ambayo kijiji kizima kinaishikilia huwezi kuitoa peke yako kichwani mwako ukadhani umemaliza kazi. Ndiyo maana nakereka mtu anapomwambia mwenye huzuni, "Wee, hayo ni mawazo tu." Mawazo tu? Mawazo hayo yana mashangazi, yana majirani, yana grupu la WhatsApp la familia.

Na wazee wa 1956 walikosea hapo hapo, ila kwa upande mwingine. Tohara ya wasichana ilikuwa mikononi mwa wanawake wakongwe. Ndio waliokuwa na mamlaka ya kumtangaza binti kuwa mtu mzima. Amri ikaondoa kisu, ikaiacha sentensi ilivyokuwa. Hakuna aliyewauliza mabinti: kama si hivi, basi mtajuaje kwamba mmekua?

Miaka 40 baadaye swali hilo liliulizwa. Mwaka wa 1996, huko Tharaka, akina mama pamoja na chama cha Maendeleo ya Wanawake walianzisha Ntanira na Mugambo, maana yake tohara kwa maneno. Wasichana walikaa pamoja faraghani, wakafundishwa mambo ya utu uzima, kisha wakatoka kwa nyimbo na sherehe mbele ya jamii. Hapakuwa na kisu. Sisemi njia hiyo ilimaliza ukeketaji. Sheria ya mwaka 2011 isingehitajika kama ungekuwa umekwisha. Ninachosema ni kwamba waliigawa imani vipande viwili. Kipande cha kwanza, kwamba binti anahitaji watu wake wamtambue amekua, walikiona kina ukweli, wakakibakiza. Cha pili, kwamba utambuzi huo lazima upitie kwenye kidonda, wakakiweka chini.

Na usidhani haya ni ya wasichana wa zamani tu. Kila Novemba na Desemba, shule zikifungwa, wavulana wa Meru na Embu hupashwa tohara. Wengine hutolewa Nairobi wakaletwa ushago kwa kazi hiyo. Kijana akipona, mara nyingi hupewa nyumba yake, na chumba cha mama yake kinakuwa mwiko. Sina ugomvi na nyumba hiyo. Kijana anahitaji mahali pake. Nina ugomvi na sentensi inayohamia humo pamoja naye: mwanaume halii, mwanaume hamhitaji mama. Ana miaka 13 au 14. Usiku anamkumbuka mama aliye hatua 20 tu kutoka hapo. Kukumbuka si maradhi. Kinachomuumiza ni kuamini kwamba kukumbuka kunamrudisha utotoni, basi ananyamaza. Akifika 30, ameshazoea kunyamaza kiasi kwamba hata mke wake hajui analala macho.

Tukiikuta imani ya namna hii ndani yetu, tumezoea kuuliza kama ni ya kweli. Ni swali zuri, ila halitoshi. Naongeza mawili: inanilinda nisipoteze nini, na ni nani mwingine anayeishikilia pamoja nami? La kwanza waweza kulijibu ukiwa peke yako kitandani. La pili halijibiki hivyo. Lazima uondoke, uende ukakae na watu. Pengine ni baba yako, ambaye naye aliwahi kuwa kijana wa miaka 14 kwenye nyumba ya peke yake, na hakuna aliyewahi kumuuliza alilalaje.