Je, Hadithi za Kubuni ni Uongo?

Somo: Waamuzi 9:7–15



Sisi tuliozeeka katika kazi ya ualimu tunalo la kutubu. Miaka mingi iliyopita tulimkuta mtoto wa darasa la saba ameketi peke yake chini ya mti, anasoma Kusadikika huku wenzake wakicheza mpira. Tulimnyang'anya kitabu, tukamwambia mbele ya watu, "Acha uongo, soma mambo ya kweli." Hakutuomba kitabu tena mpaka alipomaliza shule.

Tangu hapo tumejiuliza: je, ule ulikuwa uongo?

Marehemu Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alikitoa kitabu hicho mwaka 1951, nchi yetu ikiwa bado chini ya Waingereza. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Wajumbe wake sita walitumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu mbinguni na chini ardhini, walete mambo mema ya kuigwa. Waliporudi walitupwa kifungoni. Ndipo Karama, aliyeshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, akasimama barazani akasimulia habari zao, hata mfalme akamwachia huru pamoja nao. Nchi hiyo haimo katika ramani yoyote. Lakini nani kati yetu hajaona mtu akichukiwa kwa kusema kweli?

Mwongo hutaka tuamini asichokiamini mwenyewe, apate faida. Msimulizi hatudanganyi, tangu mwanzo tunajua kwamba anabuni.

Tazameni Yothamu. Ndugu zake walikwisha kuuawa na Abimeleki. Akasimama juu ya mlima Gerizimu, akasimulia miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni, mtini na mzabibu ilikataa kuacha matunda yake. Mti wa miiba ukakubali. Miti haisemi, lakini watu wa Shekemu walisikia habari zao wenyewe. Nathani naye alimwendea Daudi na hadithi ya mwana-kondoo wa maskini. Daudi aliwaka hasira kabla hajajua kwamba mkosaji ni yeye. Hadithi ya mbali hupita mlango ambao maonyo huukuta umefungwa. Ndiyo maana watu hawaichoki, na Bwana wetu mwenyewe aliwafundisha makutano kwa mifano.

Hatusemi kila kitabu ni chema. Mti hujulikana kwa matunda yake. Lakini ninyi wazazi wa Nyakahanga, mtoto akiomba kitabu cha hadithi, msimfukuze. Jioni, kazi za shamba zikiisha, mwambieni awasimulie alichosoma. Mwulizeni: Nani ameonewa? Wewe ungalikuwa pale, ungalifanya nini? Hapo atajifunza kuhukumu kwa haki kabla hajapewa madaraka.

Nawe uliyenyang'anywa kitabu, sasa ni mtu mzima. Ukisoma haya, utusamehe. Wewe ulikuwa ukisoma kweli. Sisi ndio hatukuiona.

Bwana atupe masikio ya kusikia. Amina.